Karatasi Haioni Nyekundu

Ukumbini kwa bibi yangu, Kikwajuni, mjini Unguja, ipo picha moja tu ya mtu ukutani, kati ya saa na kalenda ya duka la vitambaa. Ni picha ya mama yake. Amekaa kwenye kiti cha kuegemea, kanga imemzunguka mpaka mabegani, mkono mmoja kaulaza juu ya kimeza chenye maua ya karatasi. Nyuma hakuna tarehe wala muhuri wa studio. Gamba la nyuma limeliwa na wadudu muda mrefu, hata bibi mwenyewe hakumbuki lini lilikuwa zima.

Mgeni akikaa chini ya picha ile hukosi kulisikia neno lile lile: "Mama alikuwa mweusi huyu!" Na Bibi hujibu vile vile kila siku: "Hakuwa mweusi hivyo. Mama alikuwa maji ya kunde. Hiyo picha inasema uongo."

Sisi wajukuu tukikonyezana. Tulidhani ana maradhi ya watu wengi, ya kuona weusi ni aibu ya kuombewa radhi. Siku moja nikajifanya mjuzi, nikamwambia, "Bibi, picha haisemi uongo. Ni mashine ile."

Akaniangalia kwa utani wake wa siku zote. "Na mashine kaitengeneza nani, mume wangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata baada ya kama miaka miwili, tena kwa njia ya kuzunguka.

Kazi yangu ni duka la picha, Ng'ambo. Tunapiga pasipoti saizi, tunatoa fotokopi, tunalamineti vyeti, na msimu wa harusi ukifika tunakesha na picha za maharusi. Hapo ndipo nilipojifunzia Photoshop, programu ya kuhariri picha, kwa kuangalia bega la aliyenitangulia. Nyumbani nina kompyuta ya mtumba yenye GIMP, programu ya namna hiyo hiyo ambayo ni ya bure na haikuulizi leseni.

Dukani kwetu kuna msemo: "nisafishe uso". Mteja akisema hivyo hana maana ya kumfuta vumbi. Ana maana umng'arishe. Nimeifanya kazi hiyo mara zisizo na hesabu, na nilikuwa nikiifanya kama anayepiga muhuri, mpaka ilipotokea ya biharusi mmoja. Nilimsafisha uso kama alivyotaka, nikasahau mikono. Picha ikachapishwa kubwa, ikatiwa fremu. Uso wa mtu mmoja, mikono ya mtu mwengine, na ile hina ndiyo ilizidi kuionesha. Nyanya yake aliuliza mbele za watu, "Huyu nani kamkopesha mikono?" Nilirudisha pesa. Nikaanza kujiuliza kama najua kitu chochote kuhusu picha zaidi ya kusogeza vitufe.

Nikajipa adhabu, au tuseme shule. Kila mwezi nichague picha moja ya zamani au mchoro mmoja wa zamani, nipige picha yangu mwenyewe, kisha niihariri mpaka ikikaa ubavuni mwa ile ya asili zisigombane. Bila vile vitufe vya simu vinavyoandikwa "zamani", vinavyomwaga rangi ya chai juu ya kila kitu.

Kwa picha, kisiwa hiki hakina njaa. Karne ya 19 haijaisha, tayari mjini kulikuwa na studio za Wagoa, watu wa asili ya Goa, Bara Hindi: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Kazi zao zimo vitabuni, kwenye postikadi, na nyengine ziko intaneti kwa mwenye subira ya kutafuta.

Nilianza na Waholanzi, nikidhani wachoraji ndio wagumu. Kumbe hao niliwamaliza haraka, na si kwa uhodari wangu. Rembrandt anataka mwanga utoke upande mmoja, juu kidogo, ule upande wa uso ulio kivulini ubakie na pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Nyumba ya Mji Mkongwe inakupa hayo bila malipo. Fungua ubao mmoja wa mlango, mkalishe mtu hatua mbili ndani ya ukumbi wenye kiza, mwambie ageuze uso kidogo, basi. Vermeer naye anataka dirisha kushoto na ukuta mweupe wa kurudisha mwanga, na chokaa tunayo. Nilimpiga binamu yangu akimimina maziwa. Kwenye kompyuta sikufanya lolote la maana isipokuwa kuizima rangi ya ndoo ya plastiki iliyokuwa ikipiga kelele nyuma yake.

Picha za kamera za zamani ndizo zilizonitoa jasho.

Chukua hiyo rangi inayoitwa ya zamani. Karatasi iliyotumika sana nusu ya pili ya karne ya 19 ilipakwa ute wa yai. Mfaransa Blanquart-Evrard alileta njia hiyo mwaka 1850. Ute wa yai, chumvi, halafu dawa ya fedha, na mara nyingi picha ikipitishwa kwenye maji ya dhahabu ili idumu. Ukiitazama picha kama hiyo kwa makini huoni rangi moja. Sehemu nyeupe zimegeuka manjano, kama kola ya kanzu iliyokaa sana kabatini. Vivuli vyake havina umanjano huo: ni hudhurungi inayoelekea zambarau. Kitufe cha simu kinapaka rangi moja juu mpaka chini, ndiyo maana jicho linashtuka hata kama mwenye jicho hajui sababu. Dawa yake ni kuutia mwanga rangi yake na kivuli rangi yake, mbali mbali. Ilinichukua siku nne, na ninaona haya kusema siku tatu kati ya hizo nilikuwa nikipaka zambarau mahali pa manjano.

Halafu kuna suala la watu. Kamera za mwanzo zilitaka sekunde kadhaa za mwanga, kwa hivyo anayetembea hufutika. Kuiga hilo nilikwenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, alasiri, nikaweka simu juu ya kigoda cha miguu mitatu, nikapiga picha 20 za mahali pale pale bila kuigusa. Nyumbani nikazipanga leya juu ya leya, yaani tabaka juu ya tabaka. Ya chini iwe kamili, ya pili uzito wake asilimia 50, ya tatu 33, ya nne 25, ya tano 20, hivyo hivyo mpaka ya 20 iwe na 5, ili kila moja ipate haki sawa. Watalii wote wakapotea. Pikipiki zikapotea, na yule kijana wa maji ya chupa akabaki ukungu mwembamba ukutani. Waliobaki ni wazee wa barazani, wazima wazima, sura zao kavu kabisa. Ila walikuwa wakicheza dhumna, kwa hivyo hawana mikono. Kanzu inafika kwenye kifundo, kisha panaanza moshi. Kikombe cha kahawa kilichowekwa juu ya baraza kikasahauliwa ndicho kitu kilichotoka kwa uzuri kuliko vyote. Tangu siku hiyo nikiona picha ya zamani ya mtaa mtupu siamini kwamba ulikuwa mtupu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Nilikuwa na picha ya Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la ufukweni mwa mji, niliyoipiga kwa simu mwaka 2019, kabla sehemu yake ya mbele na mnara kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Niliifanyia kazi kwa mapenzi. Nikafuta nyaya, nikafuta magari, nikaipa rangi ya ute wa yai, nikatia mikwaruzo miwili mitatu na alama ya kidole pembeni. Nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kwa mzaha nikaandika: "Unguja, 1890". Nikalala.

Siku ya tatu ikanirudia kutoka kundi jengine, imeandikwa "Zanzibar ya wazee wetu, tuitunze". Chini yake mtu kamwaga machozi ya kidijitali. Na chini ya machozi ujumbe wa sauti wa mzee mmoja, sauti kavu, haina haraka: "Mwambieni huyo aliyeitengeneza, mwaka 1890 mnara haukuwa pale. Mnara ulikuwa mbele, umesimama peke yake, upande wa bahari. Waliuvunja Waingereza kwa mizinga."

Alikuwa na haki. Jengo lilijengwa 1883, na mnara wake wa kwanza ulikuwa mbali na jengo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga majumba ya mfalme kwa muda usiofika saa moja, mnara ule ukaharibika. Huu tunaoujua sisi, uliobandikwa usoni mwa jengo na saa yake, ulikuja 1897. Nilifuta nyaya za umeme, nikauacha mnara uliozaliwa miaka saba baadaye. Nikaandika kusahihisha, lakini nani husoma sahihisho? Siku hizi nikiiga kitu naandika juu ya picha yenyewe, ndani ya fremu, mwaka nilioipiga.

Nikauliza sauti ile ni ya nani. Kumbe mzee wa Miembeni, ujanani alifanya kazi chumba cha giza, kile cha kutolea picha, katika studio ya mjini. Nilikwenda na nusu kilo ya tende, nikiwa tayari kutukanwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi wa minara?"

Hakunitukana. Alitaka kuona naifanyaje. Nikafungua kompyuta, nikaanza kumweleza namna ya kufifiza mahali fulani na kukoleza pengine, na kabla sijamaliza akanikatiza. "Sisi tukifanya hivi." Akainua mkono mbele ya taa, akaukunja vidole mpaka pakabaki tundu la mwanga katikati. "Hapa unakoleza. Na kufifiza unachukua waya, unabandika kadibodi ya mviringo nchani, unautikisa juu ya karatasi usiache alama."

Nikamgeuzia kioo. Kwenye Photoshop, kifaa cha kukoleza kina alama ya mkono uliokunjwa vile vile alivyoukunja yeye. Cha kufifiza ni kijiti chenye mviringo nchani. Nilivitumia vifaa hivyo miaka yote nikidhani ni michoro tu ya Wamarekani. Babu akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Wee! Kijiti changu hiki!" Akamwita mkewe aje aone.

Jioni ile alinifundisha mengi ambayo hakuna somo la mtandaoni lililonifundisha. Kwamba makunyanzi yaliondolewa kwa kalamu ya risasi iliyochongwa ikawa kama sindano, juu ya negativu yenyewe, ile ambayo weusi na weupe vimegeuzana, kwa vinukta vidogo: unapoweka weusi kwenye negativu, karatasini panatoka pepesi. Kwamba wateja wa wakati huo nao wakitaka kupendezeshwa. Nilipomwambia dukani kwetu watu husema "nisafishe uso" alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu kwao kusafisha picha kulikuwa ni kuitia dawani itokee. "Sisi tukisafisha, mtu anaonekana. Nyinyi mkisafisha, mtu anapotea."

Nikamuuliza la mwisho, kwa kupiga soga tu: kwa nini taa ya chumba cha giza ni nyekundu?

"Kwa sababu karatasi haioni nyekundu. Kwa karatasi, nyekundu ni kiza."

Nilirudi kwa miguu mpaka Kikwajuni na sentensi ile kichwani.

Maana yake nikaitafuta usiku huo huo. Dawa ya fedha kwa asili yake huona bluu, zambarau na ule mwanga wa jua tusiouona sisi. Vioo vya kupigia picha vilivyopakwa dawa hiyo, alivyovileta Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851 vilikuwa hivyo, na vioo vikavu vilivyofuata navyo vilianza hivyo hivyo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukichanganya rangi maalumu, dawa inaanza kuona na kijani. Vioo vinavyoona mpaka nyekundu vilianza kuuzwa 1906, na hata baada ya hapo studio nyingi ziliendelea na vile vya zamani, kwani ni rahisi na unaweza kuvisafisha huku unaona, kwa taa nyekundu. Kwa hiyo mbele ya kamera ile, anga la bluu ni jeupe kama karatasi. Kitu chekundu ni cheusi. Na ngozi ya binaadamu, yetu hasa, humeza bluu na kurudisha wekundu. Kamera haiuoni wekundu huo. Inahesabu kiza.

Bibi aliwahi kusema, tena mara nyingi, kwamba siku ya picha ile mama yake alivaa kanga ya kisutu. Mimi katika picha naona kanga nyeusi yenye madoa meupe. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Asubuhi nikamwomba anitolee kisutu kilichomo kashani. Kikatoka na harufu ya udi. Nikakitandika uani, kivulini, ambako mwanga unatoka mbinguni na si juani, nikapiga. Picha yoyote ya kompyuta ndani yake ni picha tatu za kijivu zimelaliana: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu. Nikazitenganisha. Katika ile ya nyekundu, kisutu kilikuwa chepesi, michirizi myeusi inasomeka yote. Katika ile ya bluu, nyekundu na nyeusi ziliungana zikawa usiku mmoja, yakabaki madoa meupe yanaelea. Nikaishika simu kando ya picha ya ukutani. Kiza kile kile, na madoa yanaelea vile vile.

Sasa uso. "Bibi, kaa hapa kidogo."

Alikaa kama anavyokaa mama yake, mkono juu ya kigoda, bila ya mimi kumwambia. Nikampiga, nikachukua ile ya bluu peke yake. Mara ya kwanza ilitoka chafu, imejaa vijumba vijumba kama vigae, kwa kuwa simu ikibana faili huidhulumu bluu kuliko rangi nyengine. Ikabidi nibadilishe simu ihifadhi picha ghafi, nipige tena. Ya pili ikatoka safi. Bibi ni maji ya kunde, mtu yeyote wa mtaani atakwambia. Kwenye kioo alikuwa mweusi tititi, madoa ya uzee yote yametoka, macho yanang'aa.

Nikamwonesha. Alikaa kimya kidogo, kisha akagusa kioo kwa kucha.

"Mama huyu."

"Ni wewe, Bibi. Sasa hivi."

"Najua ni mimi. Nakwambia mama huyu."

Nikamwomba radhi kwa lile neno la mashine. Akasema alishalisahau, nami najua hakulisahau.

Kilichobaki kilikuwa kumpaka rangi mama yake. Nilimtoa kwenye fremu, nikampitisha kwenye skana ya dukani baada ya saa za kazi. Kupaka picha ya kijivu si vigumu. Unaongeza leya juu, unaiambia ibebe rangi tu na kiza cha chini ikiache kama kilivyo, unapaka. Lakini nilipompaka maji ya kunde juu ya kiza kile ilitoka matope. Ilibidi kwanza uso ufunguliwe. Na hapo nikasita, mkono juu ya mausi, saa tano za usiku. Mimi ninayewanung'unikia wateja wa kusafishwa uso, nimekaa namng'arisha bibi mweusi. Kuna tofauti gani?

Sikutaka kufungua kwa kubahatisha. Nilikuwa na picha mbili za binti yake, ya kawaida na ya bluu, uso ule ule dakika ile ile. Nikapima kwenye paji la uso, shavuni, kidevuni: bluu imekula kiasi gani hapa, kiasi gani pale. Hesabu ile ile nikaigeuza, nikamrudishia mama alichokatwa. Hapakuwa na kilichozidi hapo. Na mikono, safari hii, sikuisahau.

Nilimchapishia Bibi kwenye karatasi nzuri. Aliivalia miwani. "Ndiye," akasema. Halafu, "Lakini nyekundu ya kisutu si hiyo. Yako imepiga machungwa." Akaenda kukileta tena kisutu, akakilaza juu ya picha, na kweli ilikuwa imepiga machungwa. Nikaichapa mara tatu mpaka akaridhika.

Hiyo ya rangi ameiweka kashani, ndani ya kisutu chenyewe. Ile nyeusi imerudi ukutani, amekataa isiondoshwe. Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka Wete, akakaa chini yake, akanyanyua uso: "Mama alikuwa mweusi huyu!" Bibi hakujibu. Alinigeukia mimi. "Mume wangu, mweleze."

Nikaanza na taa nyekundu. Kahawa ya mgeni ikapoa.